Kuchagua matairi ya siku ya uwanjani kwa gari jepesi la michezo

Mwenye gari dogo la michezo hapa Malindi, awe na Mazda MX-5 ya zamani, Toyota MR2 ya paa la kukunja au, kwa aliyebahatika, Lotus Elise, akishaamua kulipeleka gari lake uwanjani hukutana kwanza na swali la matairi, na ushauri anaopewa na wengi ni kununua yale yanayonata kuliko yote ambayo mfuko wake unayamudu. Ushauri huo unaweza kulifaa gari zito lenye injini kubwa, lakini kwa gari lisilofika kilo 1,100 mara nyingi unapotosha. Mwongozo huu unashikilia kanuni nyingine: tairi linalofaa ni lile ambalo uzito mdogo wa gari lako unaweza kulipasha hadi joto lake la kufanyia kazi ndani ya mizunguko miwili mitatu, na ambalo baada ya hapo linaweza kukurudisha pwani salama hata mvua ikikukuta Voi.

Siku ya uwanjani inayozungumziwa hapa si mashindano. Wenye magari ya kawaida hulipia nafasi ya kuendesha kwa vipindi vifupi kwenye uwanja uliofungwa, bila zawadi na bila kupangiwa mshindi. Malindi hatuna uwanja wa lami wa namna hiyo, kwa hiyo dereva wa hapa hulazimika kupanga safari ya takriban kilomita 600 kuelekea Athi River na Nairobi, na safari hiyo ina uzito uleule katika uchaguzi wa tairi kama zilivyo kona zenyewe.

Uzito, joto na mnato

Mpira wa tairi hushika lami kwa njia mbili zinazokwenda pamoja: hujibana ndani ya vijishimo vya lami, na hunatana na uso wa kokoto zilizomo. Njia zote mbili hutegemea joto. Mpira ulio baridi ni mgumu na haujazi vile vijishimo; mpira uliopita kiwango chake cha joto hulainika mno, ukaanza kuteleza na kumeguka. Joto lenyewe hutokana na tairi kujikunja na kujikunjua kila linapozunguka, na kutokana na msuguano wakati wa breki na kona, na kiasi chake hutegemea sana uzito uliolikalia tairi. Gari la kilo 1,600 hupasha matairi yake bila juhudi yoyote. MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989 ikiwa na uzito wa chini kidogo ya kilo 1,000, haina uwezo huo, na Elise ya mwaka 1996, yenye takriban kilo 725, inao mdogo zaidi. Kulifunga gari la namna hii matairi mapana ya mashindano yenye mpira unaohitaji nyuzi 90 ni sawa na kubandika sufuria la pilau la harusi juu ya makaa ya kuchemshia chai: kipindi kitakwisha kabla ya chochote kuiva.

Wepesi, hata hivyo, una faida ambayo wengi huisahau. Nguvu ya tairi ya kushika lami haiongezeki kwa uwiano sawa na mzigo. Ukilizidishia tairi mzigo mara mbili, nguvu hiyo itaongezeka, lakini haitafika mara mbili. Maana yake ni kwamba kila kilo ya gari jepesi hupata mnato mwingi zaidi kuliko kilo ya gari zito lililofungwa tairi lilelile. Ndiyo sababu Lotus haikuona haya kuifunga Elise ya kizazi cha pili matairi ya mbele ya 175/55R16 (175 ni upana kwa milimita, 55 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi), upana ambao leo magari mengi ya familia huuzidi, na bado gari hilo likasifiwa duniani kwa namna linavyokata kona. Kwa hiyo tamaa ya kwanza ya kuizuia ni ile ya kutanua. Tairi la milimita 225 kwenye gari la kilo 950 huongeza uzito unaozunguka, hufanya usukani uwe mzito, huchelewa kupata joto, na barabarani huelea juu ya maji mapema zaidi kuliko la milimita 195.

Aina za matairi na namba ya kudumu

Kwa matumizi yetu matairi yanaweza kupangwa katika makundi matatu, na mpaka kati ya kundi na kundi hauko wazi kama wauzaji wanavyopenda kusema. Kwenye ubavu wa matairi mengi pametiwa namba ya kudumu ya mfumo wa Marekani, ambayo huambatana na herufi za mnato kwenye lami yenye maji na za uvumilivu wa joto. Tairi la kulinganishia lina namba 100. Lenye 200 lilidumu mara mbili zaidi yake katika jaribio, na lenye 400 mara nne. Namba kubwa kwa kawaida huashiria mpira mgumu zaidi. Hata hivyo kila mtengenezaji hulipima tairi lake mwenyewe, kwa hiyo namba hiyo itumike kama dalili, si kama hukumu, hasa unapolinganisha kampuni mbili tofauti.

Kundi la kwanza ni matairi ya barabarani ya hali ya juu, yenye namba ya kuanzia karibu 220 hadi 340 hivi, kama Bridgestone Potenza RE003 au Michelin Pilot Sport 4 kwa wenye rimu kubwa. Mpira wake hufanya kazi tangu joto la chini, mifereji yake ina kina cha takriban milimita 8 likiwa jipya, na kwenye mvua ndilo linaloaminika kuliko yote. Udhaifu wake ni kwamba vipande vya mpira kati ya mifereji ni virefu na hujipinda, na baada ya mizunguko mingi ya nguvu hupata joto kupita kiasi na kuanza kumeguka kingoni. Kwa gari zito hali hiyo huja upesi. Kwa gari jepesi huchelewa sana, na kwa dereva anayeanza huenda isifike kabisa.

Kundi la pili ndilo ninalolipendekeza kwa wengi: matairi yenye namba 200, yaani ya barabarani kisheria lakini yaliyotengenezwa uwanja ukiwa akilini. Kuna sababu ya namba hiyo kurudiwarudiwa. Mashindano ya wapenzi wa magari nchini Marekani yaliiweka kuwa kiwango cha chini cha kushirikia, nao watengenezaji wakashindana kuunda tairi lenye mnato mkubwa iwezekanavyo linaloandikwa 200. Ndiyo maana matairi mawili yenye namba hiyo moja yanaweza kuwa na tabia tofauti kabisa. Yokohama Advan A052 hupata joto haraka, hushika sana na huisha haraka. Gari zito huliunguza, lakini gari jepesi hulitumia vizuri ajabu. Bridgestone Potenza RE-71RS lina mwelekeo wa karibu na huo. Hankook Ventus R-S4 hudumu zaidi na huvumilia joto kwa muda mrefu, lakini hutaka kazi nyingi kabla ya kuamka, na kwa hiyo hulifaa gari zito kuliko jepesi. Toyo Proxes R1R, ingawa ni la zamani kidogo, lina mpira laini na ubavu usio mgumu sana, na kwa gari la kilo 900 sifa hizo mbili si dosari.

Kundi la tatu ni nusu sliki: Toyo Proxes R888R lenye namba 100, Nankang AR-1, Yokohama A048 na wenzao. Haya yana mifereji michache na kina kidogo, na mpira wake unataka takriban nyuzi 70 hadi 90 ili utoe kile ulichonunuliwa. Isidhaniwe kwamba magari mepesi yamekatazwa matairi haya. Lotus yenyewe iliifunga Exige, gari lake jingine jepesi, matairi ya A048 kiwandani, na baadhi ya watengenezaji hutoa tairi lilelile kwa mpira wa aina zaidi ya moja ili mwenye gari jepesi achague ulio laini zaidi. Kinachotakiwa ni kuuliza aina ya mpira kabla ya kulipa, na kukubali kwamba mizunguko ya mwanzo gari litateleza. Sliki kamili, yaani matairi yasiyo na mifereji kabisa, si halali barabarani, na kwa mtu anayekwenda uwanjani kwa gari lenyewe hazihitaji kujadiliwa.

Kwa anayeanza, pendekezo langu ni kundi la kwanza, hata kama mfuko unaruhusu la tatu. Tairi la barabarani hulia kabla ya kuachia, na huachia polepole, kwa hiyo dereva husikia kwa sikio mahali ambapo amezidisha mwendo au ameugeuza usukani kwa pupa. Nusu sliki hukaa kimya hadi mwisho, kisha huachia ghafla na kwa mwendo mkubwa zaidi.

Kilomita 600 kabla ya mzunguko wa kwanza

Gari la viti viwili halibebi seti ya pili ya magurudumu. Elise haina hata tairi la akiba, na sanduku la nyuma la MX-5 hujaa kwa jeki na begi moja. Mwenye gari kama hilo ana njia mbili: aende kwa matairi yaleyale atakayotumia uwanjani, au atangulize rimu nne zilizokwisha kufungwa matairi kwa basi la vifurushi na kuzipokea Nairobi. Njia ya pili humruhusu kutumia nusu sliki bila kuogopa barabara, lakini inahitaji seti ya pili ya rimu, mtu wa kuaminika wa kuzipokea, na nafasi ya kubadilishia magurudumu uwanjani. Anayeichagua abebe spana ya kupimia ukazaji wa nati, akaze kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, na arudie kukaza baada ya kipindi cha kwanza, kwa sababu rimu ya aloi ikipata moto na kupoa hujikalisha upya.

Anayeichagua njia ya kwanza, na wengi wetu ndiyo tunayoimudu, aifikirie barabara yote. Kutoka Malindi hadi Kilifi matuta ni mengi, na mchanga hupeperushwa hadi kwenye lami. Kutoka Mavueni kupitia Kaloleni hadi Mariakani unaepuka msongamano wa Mombasa, lakini ukishaingia barabara kuu unaungana na malori, na mbele yako kuna Voi, Mtito Andei na Emali, pamoja na vipande vya matairi yaliyopasuka vilivyotapakaa kando ya njia. Njia ya Sala kupitia Tsavo Mashariki ni fupi kwenye ramani tu. Gari la chini namna hii lisijaribu. Katika safari ya aina hiyo ubavu mwembamba na mgumu kupita kiasi ni hatari kwa rimu, na mifereji mifupi ni hatari kwa roho. Gari jepesi huelea juu ya maji kwa urahisi, na nusu sliki iliyokwisha kulika uwanjani kutwa nzima inaweza kurudi njiani ikiwa na milimita 2 au 3 tu za kina. Alama ndogo zilizopandishwa ndani ya mifereji huonyesha milimita 1.6, lakini hicho ni kikomo cha kulitupa tairi, si kiwango cha kusafiria katika miezi ya Aprili na Mei. Kama siku ya uwanjani imeangukia msimu wa masika au vuli, sioni sababu ya kutoka nje ya kundi la kwanza au la pili.

Saizi, mzigo na mwendo

MX-5 ya kwanza ilitoka kiwandani na 185/60R14 82H. Saizi ya rimu ya inchi 14 imebaki na matairi machache mazuri, na ndiyo maana wengi huhamia 195/50R15. Hesabu yake inakubali: 185/60R14 lina kipenyo cha takriban milimita 578, na 195/50R15 milimita 576, kwa hiyo kipimamwendo hakidanganyi na gia hazibadiliki. Saizi hii ya pili ina bahati ya kupatikana katika makundi yote matatu, kuanzia R1R hadi R888R. Ukipanda hadi 205/50R15 kipenyo hufika milimita 586, gia huwa ndefu kidogo, na injini ya lita 1.6 huhisi tofauti hiyo inapotoka kwenye kona ya polepole.

Namba 82 maana yake tairi moja hubeba kilo 475. Gari la kilo 1,000 lenye watu wawili na mizigo yao halifikii hata kilo 350 kwa kila gurudumu, kwa hiyo hakuna haja ya kununua tairi lililoimarishwa kwa mzigo mkubwa, ambalo huandikwa XL. Muuzaji atakuambia kuwa hilo ni imara zaidi, na kweli ni imara, lakini uimara huo umewekwa kwa ajili ya mzigo usiokuwa nao, na gharama yake ni uzito zaidi na ubavu usiojikunja vya kutosha kupata joto. Herufi H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240 na W ni 270. V inatosha kwa magari haya kwenye viwanja vifupi.

Kwa magari yenye injini katikati, kama MR2 na Elise, matairi ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele kwa makusudi. MR2 ya mwisho ilianza na 185/55R15 mbele na 205/50R15 nyuma. Ukisawazisha upana ili uweze kuyabadilisha mbele na nyuma, umeondoa sehemu ya kinga ambayo kiwanda kilikuwekea dhidi ya mkia kuchomoka. Vivyo hivyo usichanganye aina: matairi mapya ya A052 mbele na yale ya zamani ya barabarani nyuma yatalifanya gari lolote kati ya haya lizunguke kwenye kona ya kwanza ya mvua. Matairi manne yawe ya aina moja na ya umri unaokaribiana.

Dukani na kwa fundi

Maduka ya matairi ya Malindi yanaishi kwa magari yanayofanya kazi: Probox, matatu, tuktuk na magari ya kupeleka wageni Tsavo. Ukiuliza 195/50R15 ya namba 200 utatazamwa kwa huruma. Utaagiza Mombasa au Nairobi, au kutoka nje, na hapo ndipo tarehe ya kutengenezwa inapokuwa muhimu kuliko bei. Itafute kwenye ubavu, katika tarakimu nne za mwisho za mstari unaoanza na herufi DOT: 2323 ni juma la 23 la mwaka 2023. Kwa kuwa matairi haya hayatoki dukani haraka, si ajabu kukuta yaliyokaa rafuni miaka mitano kwenye joto la pwani, na mpira laini ndio unaoumia zaidi kwa kukaa. Ninayakataa yaliyozidi miaka mitatu hata kwa nusu ya bei. Tarehe iombwe kwa picha kabla fedha hazijatumwa, na isomwe kwenye matairi yote manne, kwa sababu ile ya lililokaa juu inaweza isiwe ya yale yaliyo chini yake.

Matairi yaliyotumika kutoka Japani yanaweza kumfaa mwenye gari la kwenda sokoni. Uwanjani yaachwe. Huwezi kujua yamepata moto na kupoa mara ngapi, na mpira laini hupoteza mnato kila mara unapopitia mzunguko huo hata kama mifereji bado ni mirefu. Tairi lililozibwa pancha kwa kamba ya mpira nalo lisiingie uwanjani, hata kama halijapoteza upepo kwa mwaka mzima.

Ufungaji unahitaji mashine. Fundi mzoefu wa mitaimbo hufanya maajabu kwenye gurudumu la lori, lakini ubavu mfupi na mgumu juu ya rimu nyepesi ya aloi hautaki kulazimishwa, na ukingo wa ndani wa tairi ukichanika hutaona hadi upepo uanze kupungua. Mwombe mapema, kwa adabu ya kawaida, kitu kama “Fundi, haya nataka yafungwe kwa mashine, na risasi za balansi ziwe za kubandika upande wa ndani”, kisha wewe mwenyewe uzifunike kwa utepe imara, kwa kuwa joto la breki hulegeza gundi yake. Angalia pia mshale wa mwelekeo. Tairi lenye mshale haliwezi kuhamishiwa upande wa pili bila kuvuliwa kwenye rimu, na hilo lina maana kwenye uwanja ambao kona zake nyingi zinaelekea upande mmoja, kwa sababu matairi ya upande mmoja yataisha kabla ya mengine.

Matairi mapya yana mabaki ya mafuta ya kalibu usoni. Safari yenyewe ya kwenda bara itayaondoa, mradi kilomita 100 za mwanzo ziendeshwe kwa utulivu.

Upepo, na mwinuko wa bara

Hapa ndipo gari jepesi linapohitaji uangalifu mkubwa kuliko wote. MX-5 ya kwanza imeandikiwa psi 26 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) kote, na Elise iko katika jirani hiyo. Mtu aliyezoea kujaza 32 au 35 kwenye gari la nyumbani huona kiwango hicho ni kidogo mno, na fundi wa kituo cha mafuta atakuongezea bila kuulizwa. Mkataze. Tairi lililojaa kupita kiasi chini ya gari jepesi hugusa lami kwa ukanda mwembamba wa katikati, na halijikunji vya kutosha kupata joto.

Upepo ulio ndani huongezeka kwa takriban psi 1 kila joto linapopanda nyuzi 5 au 6. Kwa gari la kilo 950 hadi 1,050 lenye matairi ya kundi la pili, anza asubuhi na psi 23 au 24 yakiwa baridi, ukilenga 28 hadi 30 yakiwa moto. Gari jepesi zaidi, kwa mfano Caterham ya kilo 550, hushuka chini ya hapo, na mtengenezaji wa tairi ndiye wa kufuatwa. Tunza daftari, kwa kuwa kinachotafutwa ni kiwango cha moto, na cha baridi ni njia tu ya kukifikia. Pima mara tu unapotoka uwanjani, toa ziada sawa kwa matairi ya upande wa kulia na wa kushoto, na ukumbuke kurudisha upepo kabla ya safari ya nyumbani.

Jambo linalomhusu mtu wa Malindi pekee yake ni mwinuko. Sisi tuko usawa wa bahari. Athi River iko takriban mita 1,500 juu. Geji hupima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje, na hewa ya nje huko juu ina msukumo mdogo, kwa hiyo tairi lililowekwa psi 26 hapa litasoma takriban 28 huko kama joto ni lilelile. Lakini joto si lilelile. Asubuhi ya bara inaweza kuwa nyuzi 15 wakati tairi lilijazwa hapa kwa nyuzi 30, na tofauti hiyo hupunguza takriban psi 2. Mambo mawili hayo hufutana alfajiri, geji ikasoma karibu kama ulivyoiacha, ukadhani hakuna kilichobadilika. Kisha jua likishapanda ule msawazo huvunjika, na kufika saa sita mchana matairi yamezidi. Kwa hiyo upepo upangwe upya uwanjani, kwa geji yako mwenyewe, na usitegemee vipimo ulivyochukua nyumbani.

Hewa ya pwani pia ina unyevunyevu mwingi, na tangi la kompresa lisilomwagwa maji hupeleka maji hayo ndani ya tairi. Maji yakigeuka mvuke hupandisha upepo kwa namna isiyotabirika. Si lazima kununua naitrojeni; inatosha kujaza kwa fundi anayemwaga tangi lake, au kubeba pampu ndogo.

Kusoma tairi baada ya kipindi

Mizunguko miwili ya kwanza iwe ya kupasha, bila breki kali. Gari jepesi linaweza kuhitaji wa tatu asubuhi yenye baridi, na dereva wa gari zito aliye nyuma yako apewe njia apite. Kabla ya kipindi piga chaki mistari mifupi kuanzia ukingoni mwa uso wa tairi hadi ubavuni, juu ya alama ndogo ya pembetatu iliyo kwenye bega la tairi, pale uso unapokutana na ubavu. Ukirudi, chaki iliyofutika ikaishia kwenye pembetatu ni dalili nzuri. Iliyofutika kupita pembetatu kuingia ubavuni inasema upepo ni mdogo, na iliyobaki juu yake inasema ni mwingi.

Mwenye kipimajoto cha sindano apime mahali patatu kwa kila tairi: ndani, katikati na nje, haraka iwezekanavyo. Kile cha kuelekezea mwanga husoma uso tu, nao hupoa kabla hujafika gurudumu la tatu. Katikati pakiwa moto kuliko kingo zote mbili, punguza upepo. Kingo zikizidi katikati, ongeza. Ndani pakizidi nje kwa nyuzi 5 hadi 10 hakuna tatizo, lakini nje pakizidi ndani, gurudumu linalala kwenye kona na linahitaji kuinamishwa zaidi kwa juu kuelekea ndani, kazi ya fundi wa alaimenti na wala si ya tairi jipya. Pua ya gari ikikataa kuingia kwenye kona, angalia vipimo hivyo kabla ya kulaumu mpira, kwa sababu magari mengi mepesi yaliyoletwa nchini yamewekewa vipimo vya kulinda matairi barabarani, si vya uwanjani.

Uso wa tairi nao husema. Mpira uliofanya kazi vizuri huwa na ukwaruzo laini kama msasa mdogo. Vijipele vilivyoviringika kama ufutio wa penseli humaanisha tairi limeteleza likiwa bado baridi, na hiyo ndiyo dalili kuu ya tairi gumu mno kwa uzito wa gari. Malengelenge au vishimo humaanisha limeungua. Ukiona vijipele kwenye nusu sliki yako mwisho wa kila kipindi, hata baada ya kupunguza upepo, basi umenunua tairi la gari jingine, na seti inayofuata iwe ya kundi la pili.

Kati ya siku moja ya uwanjani na nyingine, matairi yaliyovuliwa yawekwe ndani ya mifuko iliyofungwa, mahali penye giza na ubaridi, mbali na jenereta na mota za umeme kwa sababu ya ozoni inayozalishwa na cheche zake. Baraza inayopigwa na jua na upepo wa bahari si mahali pake, na dawa ya kung'arisha isipakwe kabisa. Kabla ya kuyafunga tena, bonyeza ukucha kwenye mpira na ulinganishe na sehemu ya ndani ya mfereji ambayo haijaguswa na lami: uso ukiwa mgumu waziwazi kuliko ndani, mnato umekwisha hata kama zimebaki milimita 4, na seti hiyo irudi kwenye kazi za mjini hadi ifikie kikomo chake.